Viwanda Ndugu, Mbona Havisemezani?

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mkulima wa chai katika Kisii au Nyamira, bila shaka waijua taabu ya kukaa kwenye kituo cha kununulia majani hata usiku ukiingia, ukingojea lori. Mvua yanyesha, majani yamo ndani ya magunia yakipata joto, na kila mtu asema lake. Huyu asema lori limekwama matopeni, yule asema dereva amelala. Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, mama yangu mzazi alikaa kituoni tangu saa nane za mchana hata saa tatu za usiku. Lori halikuja. Akarudi nyumbani na majani yake kilo 31, na kulipokucha yalikuwa yamegeuka rangi kama ugoro. Tukayamwaga chini ya migomba.

Siku ya tatu nilikwenda mwenyewe kiwandani kuuliza. Jina la kiwanda hicho sitalitaja, maana sikushika kalamu ili kumwaibisha mtu. Niliambiwa lori lilikuwa zima na dereva alikuwa tayari. Taabu ilikuwa kwenye boila. Kuni zilizoletwa zilikuwa mbichi, tena zimelowa mvua, moto ukawa moshi mtupu na mvuke ukapungua. Mvuke ukipungua, hewa ya moto haitoshi kunyausha majani wala kukausha chai. Basi vitanda vya kunyaushia vikajaa, majani mapya yakakosa mahali pa kutandazwa, malori yakasimama uani na mizigo yake, na huko vituoni mama zetu wakasimama gizani.

Juma lililofuata nilikuwa sokoni Keroka. Hapo nikakutana na kijana niliyemfundisha darasa la sita, siku zile nilipokuwa mwalimu, kabla sijaingia ofisi ya kilimo kuwa karani. Siku hizi yeye ni mchochea boila katika kiwanda kingine, kilometa 15 hivi kutoka kile cha kwanza. Nikamsimulia yaliyompata mama. Akacheka kidogo, kwa heshima, akasema:

"Mwalimu, sisi tulipatwa na mambo hayo hayo mwaka juzi. Sasa kuni zetu hupasuliwa, hupangwa chini ya paa, nazo hukaa miezi hata ukizigonga zinalia. Na zile zilizoingia kwanza ndizo zinazochomwa kwanza."

"Mbona basi, mwanangu, hamkuwaambia wenzenu?"

"Mwalimu, nani alituuliza?"

Jibu hilo limenikaa moyoni tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike. Hapa palikuwa na viwanda viwili vya ukoo mmoja. Wenye hisa ni wakulima kama mimi na wewe, wasimamizi wao wametoka nyumba moja, na chai yao huuzwa katika mnada mmoja wa Mombasa. Kimoja kilikuwa na ugonjwa, na kingine kilikuwa na dawa yake tangu mwaka mzima. Dawa yenyewe haikuwa siri wala haikuwa na bei kubwa. Ilikuwa paa la mabati na subira. Lakini ilikaa kilometa 15 mbali, ikangojea kuulizwa.

Fikiri hasara yake. Mti wa blugamu uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia katika boila, moto hufanya kwanza kazi ya kuyachemsha maji hayo na kuyatoa, ndipo uanze kukufanyia kazi uliyoilipia. Maana yake kiwanda kimenunua maji kwa bei ya kuni, kimeyasafirisha kwa lori, na kimewalipa watu kuyapakua. Gharama zote hizo hutolewa katika fedha za chai kabla mkulima hajahesabiwa bonasi yake. Na majani yaliyooza vituoni hayaingii hata katika hesabu, kwa sababu hayakupimwa.

Sasa nikukumbushe jinsi ukoo huu ulivyojengwa, maana vijana wengi hudhani kila kiwanda kilizuka peke yake kama uyoga. Wakulima wadogo wa Gusii walianza kupanda chai mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1960 palikuwa na halmashauri ya mazao maalumu, na mwaka 1964 ikaundwa KTDA iishughulikie chai peke yake. Viwanda vya kwanza vya wakulima wadogo vilipojengwa, hatukuwa na watu wetu waliojua kuviendesha. Makampuni makubwa yaliyokuwa na mashamba ya chai ndiyo yaliyokuwa mawakala, yakivisimamia kwa malipo mpaka watu wetu walipojifunza kazi na kuishika wenyewe. Kwa hiyo ujuzi wa kwanza wa viwanda vyetu uliazimwa. Hata miche yetu ina historia ya namna hiyo. Kituo cha utafiti wa chai kule Kericho kilianzishwa mwaka 1951, na tangu hapo miche mizuri iliyochaguliwa huko imeenea katika vilima vya nchi hii, ikipandwa na tajiri mwenye maelfu ya ekari na maskini mwenye robo ekari. Mwaka 2011 ikatolewa kwa wakulima ile chai ya zambarau, TRFK 306. Hapana kiwanda kimoja cha wakulima ambacho kingeweza kuajiri wataalamu wa kufanya kazi kama hiyo miaka yote hiyo.

Mwaka 2000 KTDA iligeuka kuwa kampuni ambayo wenyewe ni makampuni ya viwanda vya wakulima, nayo sasa ni 54. Hapa kwetu twavijua kwa majina: Kebirigo, Sanganyi, Nyankoba, Nyansiongo, Tombe na Gianchore upande wa Nyamira, Kiamokama, Nyamache, Itumbe, Ogembo na vinginevyo upande wa Kisii. Chini ya paa hilo kuna pia kampuni ya kufungasha chai, KETEPA ya Kericho, kampuni ya kutengeneza mitambo ya chai, ya mambo ya bima, ya kukopesha wakulima, na ya biashara ya chai huko Mombasa. Huo ni ukoo mkubwa. Meneja huhamishwa kutoka kiwanda kimoja akapelekwa kingine, naye huenda na yale aliyojifunza. Hilo ni jema, na mtu asiseme kwamba viwanda vyetu havishirikiani kabisa.

Lakini tazama ujuzi huo hupita njia gani. Hupanda juu, kisha hushuka chini. Meneja huandika taarifa kwa Kiingereza cha ofisini, taarifa hupanda gari kwenda Nairobi au siku hizi hupita kwenye kompyuta, na baada ya muda huenda likashuka agizo linalopelekwa viwandani kote. Mchochea boila haandiki taarifa. Fundi wa rola, yule anayejua kwa kusikiliza tu kwamba meno ya mashine ya kukatia majani yamekuwa butu, haandiki taarifa. Mama anayechagua majani mawili na chipukizi kituoni, akitupa magumu, haandiki taarifa. Nami, niliye karani, najua habari ya taarifa vizuri kuliko wengi. Ofisini kwetu zinakuja kila mwezi kutoka wadi zote, nazitoboa matundu, nazitia katika majalada, kila wadi na jalada lake. Katika miaka yote niliyofanya kazi, sikumbuki siku ambayo mtu alifungua majalada mawili kwa wakati mmoja akayalinganisha. Basi siwacheki wa viwandani. Ugonjwa huu twaugua sote.

Nitatoa mfano wa mbali kidogo, lakini si mbali sana, maana umeupanda. Zile Probox zinazotubeba kutoka Kisii kwenda Keroka na Nyamira, watu wanne mbele kana kwamba ni mkeka, ni za Toyota ya Japani. Toyota haitengenezi kila kitu cha gari yenyewe. Vitu vingi hutoka kwa makampuni mengine, mengine Toyota ina hisa ndani yake na mengine haina, nayo tangu mwaka 1943 yana chama chao. Mafundi wao huzoea kutembeleana viwandani, kutazama kazi ya mwenzao na kumwonyesha makosa.

Tarehe 1 Februari 1997, moto uliteketeza kiwanda cha kampuni ya Aisin katika mji wa Kariya. Hapo ndipo palipotengenezwa karibu vali zote za breki za magari ya Toyota, vitu vidogo vya kushikika mkononi. Kwa kuwa Toyota ina desturi ya kutoweka akiba kubwa, baada ya muda mfupi tu mitambo ya magari ilisimama. Watu walidhani itachukua miezi. Lakini Aisin haikuficha michoro ya vali zake, iliitoa kwa kila aliyeitaka. Makampuni kama 200 yakashika kazi, mengi hayajapata kutengeneza vali hata moja maishani mwake. Mojawapo lilikuwa Brother, wale watengenezaji wa cherehani. Vali za kwanza zikapatikana katika siku chache, na baada ya juma moja hivi magari yalikuwa yakitoka tena karibu kama kawaida.

Wengine husoma habari hiyo wakasema Wajapani ni watu wa ajabu. Mimi naona sababu iko wazi. Wale watu walikuwa wamekwisha kujuana. Fundi wa kampuni moja alikuwa amekwisha kuingia karakana ya mwenzake mara nyingi, anajua mashine iliyoko pale na mkono wa mtu anayeitumia. Siku ya moto hapakuwa na haja ya kuanza kujulishana majina. Na tusidhani kwamba makampuni yale hayagombanii biashara, yanagombania sana. Hata hivyo yalijua kwamba gari lisipotoka, hakuna atakayeuza hata msumari.

Tena si jambo geni kwetu. Wazee wetu walikuwa na risaga. Watu wa mtaa walikusanyika katika shamba la mmoja, wakalima, wakapalilia, kisha wakakaa wakala na kunywa, na siku nyingine wakaenda kwa mwingine. Kina mama nao walikuwa na egesangio yao ya zamu. Wengi hukumbuka jasho na pombe tu. Lakini mzee mmoja wa kwetu aliniambia kwamba faida kubwa ya risaga ilikuwa macho. Ukilima shamba la jirani yako tangu asubuhi hata adhuhuri, umeona mbegu yake, umeona jinsi alivyogeuza maji yasichukue udongo, umeona mahali alipokosea. Mwenye shamba hakuweza kuficha kitu, wala wewe siku ya zamu yako hukuweza.

Sasa nazijua hoja za wanaokataa, maana nimezisikia kwa wakurugenzi wa wakulima wenyewe. Hoja ya kwanza ni kwamba viwanda jirani hugombania majani, hasa vituo vya mpakani. Mkulima aliye kati ya viwanda viwili hupeleka majani kwa yule anayelipa vizuri, na wako pia wanunuzi wa kupitapita ambao hawana hisa wala kituo. Kwa nini basi nimfundishe jirani yangu kulipa vizuri? Sikatai, hilo lina ukweli wake. Lakini tazama kule Mombasa, kwenye mnada ambao umekuwa huko tangu mwaka 1969. Mnunuzi anayepeleka chai Pakistani au Misri hanunui kwa kumhurumia mtu wa Nyamache dhidi ya mtu wa Itumbe. Yeye huonja, na kwa muda wa miaka hujenga fikira yake juu ya chai ya upande fulani wa nchi. Kiwanda kimoja kikipeleka chai yenye ladha ya moshi au ya majani yaliyolala, fikira hiyo hutuharibia sote. Kiwanda cha jirani yangu kikifanya vibaya, kinanishusha bei hata kama mimi sikukosa.

Na bei yetu, ndugu msomaji, si jambo la mchezo. Katika malipo ya pili ya mwaka 2024 na ya mwaka 2025, wakulima wa mashariki ya Bonde la Ufa walipata bonasi iliyotupita mbali sisi wa magharibi. Watu walilia na kukasirika, na wako waliosema watang'oa chai wapande miti au parachichi. Mimi sisemi kwamba kuulizana peke yake kutaziba pengo hilo. Mambo mengine ni ya udongo na hali ya hewa, mengine ni ya soko na chai iliyokaa maghalani bila mnunuzi, mengine ni ya madeni na matumizi ya viwanda, na hayo yana mahali pake pa kusemwa. Lakini lipo fungu ambalo ni la kazi ya mikono yetu: majani tunayochuma, saa yanazokaa katika gunia, kuni, meno ya rola, joto la draya. Katika fungu hilo hatuna wa kumlaumu kabla hatujaulizana. Majani ya chai mabichi kama kilo nne na zaidi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Kila kilo inayopotea njiani imepotea na jasho lake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami naikubali nusu. Husemwa kwamba viwanda vikiigana sana, kosa la mmoja huwa kosa la wote. Wakinunua wote mashine ya namna moja na mashine hiyo ikawa mbovu, wote wamelala njaa pamoja. Ni kweli. Agizo linaloshuka kutoka juu huwa na hatari hiyo hasa, maana hufika likiwa limekwisha kuamuliwa. Lakini mtu aliyekwenda kwa jirani akaona kwa macho yake hurudi pia na habari ya mambo yaliyoshindikana. Kijana wangu wa boila, nilipomhoji zaidi, alinieleza kwamba paa lao la kwanza la kuni lilijengwa upande usiopata upepo, kuni zikaota ukungu, wakalibomoa wakalijenga tena. Habari hiyo ya paa la kwanza ina thamani kuliko ya paa la pili. Katika taarifa ya meneja, unadhani paa la kwanza litaandikwa?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mara moja kwa mwezi, kila kiwanda kitume watu watatu kwa kiwanda cha jirani, wakae siku nzima: mchochea boila au fundi, mtu wa ukaguzi wa majani, na mkulima mmoja kutoka vituoni, ambaye si lazima awe mkurugenzi. Wasipelekwe ofisini kunywa chai na kutiwa sahihi katika kitabu cha wageni. Waende penye moto, penye rola, na kwenye kituo kimoja cha majani. Nao waulize neno moja tu: mwezi huu ni kitu gani kilichowaharibikia, na mlikitengeneza vipi? Jibu liandikwe kwa Kiswahili, katika daftari la kawaida, na daftari hilo likae mahali ambapo hata mtu wa kupakua kuni aweza kulifungua. Gharama yake ni nauli. Kutoka Kebirigo kwenda Sanganyi hakuhitaji ndege.

Na wewe mkulima mwenye hisa, usingoje meneja. Mkutano mkuu wa mwaka wa kiwanda chako ni wako. Najua twakwenda huko kusikia bonasi, na ikiwa ndogo twapiga kelele, kisha twagawana soda twarudi nyumbani. Mwaka huu inuka, uvue kofia, uulize kwa adabu: viwanda jirani vilitumia kuni kiasi gani kwa kila kilo ya chai, na sisi je? Boila yetu ilisimama siku ngapi, na yao je? Mkurugenzi asipojua, mwombe akaulize na akuletee jibu. Huenda akakasirika. Lakini mtu aliyekasirika kwa sababu hakujua, mara nyingi hujua mwaka unaofuata.

Kwa upande wangu nimeanza na lililo katika uwezo wa karani. Katika ofisi yetu nimeweka daftari moja juu ya kaunta, na kila mkulima au mfanyakazi wa kiwanda anayepita namwomba aandike jambo moja lililomshinda na jingine aliloliweza. Kurasa tisa zimejaa. Nyingine ni malalamiko juu ya barabara, lakini ziko tatu au nne ambazo ningependa kila kiwanda kizisome, na ya kwanza ni ya kuni. Yule kijana wa boila amekubali kwenda kukionyesha kile kiwanda cha kwanza jinsi walivyojenga paa lao, ikiwa atapewa ruhusa ya siku moja kazini kwake na ikiwa wenzake watamfungulia lango. Barua za kuomba ruhusa hiyo niliziandika mbili, moja kwa kila meneja, nikazipeleka kwa mkono wangu. Hata leo ninapoandika, imejibiwa moja.

Mama, nilipomsomea habari hizi jioni, aliuliza tu ni meneja yupi aliyejibu.